Mguu wa Tatu, Upande wa Kulia

Haki ya Mungu, haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikuyaota, sikuyaokota kijiweni, wala sikuyatia chumvi hata punje. Nina masharubu niliyoyalea miaka thelathini na moja, meupe, manene, yamepinda ncha kama pembe za fahali. Atakayenikamata na uongo mmoja, mmoja tu, ayanyoe mbele ya mke wangu nami sitafumba macho. Haya, tuingie ndani.

Alhamisi ile, saa nne kasoro robo asubuhi, Inspekta Gundi alifika kwenye jumba la makumbusho ya wadudu na viumbe vidogo, na hakuna aliyemkaribisha. Mlinzi alimfungulia geti nusu, kama anayemfungulia mbuzi wa jirani. Katibu muhtasi alimwonyesha kiti chenye mguu mbovu. Gundi halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa kituoni, kwa sababu akishakushika, hata ukioga kwa maji ya moto humbandui. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu bapa na begi la ngozi lililochubuka, na alikuwa na tabia ya kukaa kimya mpaka mwenzake aanze kujieleza bila kuulizwa.

Mkurugenzi hakumwambia aketi.

"Mwizi mnaye ndani tangu juzi," alisema, akiinyoosha tai yake nyekundu. "Hapa umekuja kutafuta nini tena?"

"Buibui."

"Fundi Chupa ndiye mtunza stoo, na ufunguo anao yeye. Kabati halikuvunjwa. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua."

"Alimchukua buibui ili ampeleke wapi?"

"Hiyo ni kazi yako."

"Na kwa nini aliweka mwingine mahali pake? Mwizi wa kuku haachi kuku mwingine bandani."

Mkurugenzi alisogeza karatasi moja katikati ya meza ili Inspekta aione. Ilikuwa barua ya kumfukuza kazi Fundi Chupa. Ilibaki sahihi tu.

"Saa nane mchana hakimu atamsomea shtaka. Saa nane na dakika moja natia sahihi. Una muda wa kutosha wa kunywa maji na kuondoka."

Inspekta hakunywa maji.

Kilichopotea kilikuwa buibui dume mmoja, mkubwa kama punje ya mchele, wa jamii ya warukaji. Hao ni wale wanaotembea ukutani mchana, wenye macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za lori. Hawasuki utando wa kutegea, bali huvizia wakaruka. Huyu alikamatwa mlimani, akahifadhiwa ndani ya kichupa cha spiriti, na juu yake yeye mmoja lilisimama jina jipya la aina nzima. Pale stoo walimwita Baba Jina. Jumanne wakaguzi watatu walikuja kumkagua ili waamue kama jina hilo linastahili kuandikwa vitabuni. Kichupa kilipofunguliwa mbele yao, ndani alikutwa buibui wa ukutani wa kawaida, ambaye unaweza kumbandua nyuma ya mlango wowote. Wakaguzi walikunja mikoba yao. Mkurugenzi aliona aibu, na aibu yake ikatafuta mtu wa kumwangukia.

Ikamwangukia Fundi Chupa: mwanamume mrefu, mtanashati, mwaminifu kupita kiasi, mwenye miaka ishirini na miwili stoo na miezi tisa tu kabla ya kustaafu. Inspekta mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu, kwa amri ya wakubwa wake. Na watu wanasema kule mahabusu Fundi yule alikaa kama mfalme aliyeazimwa kiti kibovu. Hakudondosha hata chozi.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mzee Hadubini.

Jina lilimfaa. Miaka arobaini jicho lake moja lilikuwa halijabanduka kwenye hadubini ya shaba iliyosimama dirishani, na hata sasa halikubanduka. Nyuma yake kulikuwa na kabati jeusi lenye droo nyembamba kuanzia sakafuni hadi darini.

"Usiguse meza," alisema. "Usiegemee kabati. Usipumulie sahani."

"Nisimame wapi basi, Mzee?"

"Korido iko wazi."

Inspekta alisimama pale pale. Akanyamaza. Dakika ya pili haikuisha, Mzee akaanza mwenyewe.

"Kuna njia moja ya kumjua buibui. Unamlaza chali, unamtazama. Basi. Dume ana vipapasio viwili mbele ya kinywa, vimevimba kama glavu za bondia. Kila aina ina umbo lake, kama ufunguo na kitasa chake. Wa ukutani ana mwiba mmoja kwenye kipapasio. Wa mlimani ana mwiba mmoja. Kwa hiyo ni wamoja. Nimeandika kitabu juu ya jambo hilo."

"Daktari wa vinasaba, aliyelitoa jina hilo jipya, anasema ni aina mbili."

"Yule mtoto? Yule anasema alichoambiwa na mashine! Anakata mguu wa mnyama, anausaga, halafu anakaa kungojea herufi kama mtu anayengojea matokeo ya bahati nasibu." Sasa jicho lilibanduka. Lilikuwa jekundu, limezungukwa na duara la shaba. "Humu ndani nina buibui mia tisa. Wahesabu ukitaka. Kila mmoja ana miguu yake minane. Mimi si muuza nyama."

Inspekta aliandika kwenye kijitabu chake: mia tisa, miguu minane.

"Buibui aliyewekwa badala ya Baba Jina anakosa mguu mmoja," alisema.

"Lazima akose! Kwenye daftari imeandikwa kwamba Baba Jina alikatwa mguu. Aliyembadilisha alilijua hilo. Sasa jiulize, nani katika jumba hili ana mkasi wa kukatia miguu? Fundi Chupa? Yule hata kumimina spiriti anamwaga."

"Kwa hiyo unasema ni Daktari."

"Mimi sisemi. Mimi naainisha." Akarudisha jicho mahali pake. "Ukitoka funga mlango. Kwa nje."

Daktari wa vinasaba alikuwa mwishoni mwa korido, kwenye chumba cheupe chenye mafriza matatu yaliyokuwa yakinguruma. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, koti limefungwa vifungo vyote. Kabla Inspekta hajatoa salamu, alirushiwa kofia ya plastiki.

"Vaa hiyo. Unywele wako mmoja ukidondoka humu, mashine itaniambia buibui wangu ni askari."

Inspekta akavaa.

"Mzee amekutuma?"

"Nimejituma."

"Amesema nini? Kwamba nilichanganya vichupa? Kwamba Baba Jina hajawahi kuwepo, na kilichokutwa Jumanne ndicho kilichokuwemo siku zote?"

"Amesema wewe ndiye mwenye mkasi."

Daktari alicheka, kicheko kisichofika machoni. Alimwekea Inspekta karatasi mbili mezani. Zilijaa herufi nne zikijirudia kama wimbo wa mlevi.

"Hii ya kushoto nilisoma kwenye mguu wa Baba Jina, mwaka jana. Hii ya kulia nimesoma jana kwenye kipande cha tumbo la yule mliyemkuta, kilicholetwa na kituo chenu. Herufi mia sita. Zisizolingana ni arobaini na tisa. Aliyemo kwenye kichupa chenu ni wa ukutani. Baba Jina ni mwingine. Kabadilishwa."

"Au ulikosea mwaka jana, ukasaga mguu wa buibui wa tatu usiyemjua. Ulipogundua, ikakubidi umwondoe Baba Jina kabla wakaguzi hawajamchunguza. Ukamkamata wa ukutani, ukamkata mguu. Mzee hajui kukata. Fundi mikono inamtetemeka. Nani mwingine?"

Kisha Daktari akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Nifunge basi! Si mmezoea kumfunga anayekuwa karibu? Leo fundi, kesho daktari, Jumamosi mfungeni mfagiaji."

"Shusha mikono. Sijasema nakufunga. Nimesema nijibu."

"Nitakujibu kwa kazi yangu." Akafungua friza, akatoa kibao chenye vichupa, akakitua kwa kishindo. "Hawa arobaini nimewakata mimi. Tazama mkono wangu kabla hujanitukana."

Inspekta aliomba aonyeshwe jinsi anavyokata. Daktari alimtoa mmoja kwa kibanio, akamlaza kwenye sahani ya kioo, mgongo juu, kichwa kikielekea ukutani. Akagusa kwa ncha ya mkasi pengo lililokuwa pembeni.

"Mguu wa tatu, upande wa kulia. Daima. Ndiyo kanuni ya chumba hiki. Sehemu nyingine yote inabaki nzima, ili hata Mzee mwenye makelele akija aweze kuitazama."

Inspekta hakuharakisha. Alivuta kiti, akawatazama arobaini wote mmoja baada ya mwingine, mpaka saa ya ukutani ikaonyesha saa tano na nusu. Daktari alipigapiga mguu sakafuni kwa hasira. Wote arobaini walikosa mguu wa tatu wa kulia. Ndipo Inspekta akafungua begi lake, akafunua pamba, na kutoa kichupa cha Jumanne, chenye lebo ya kituo cha polisi.

"Mlaze huyu kama ulivyomlaza yule."

Daktari akamlaza, akainama kwenye hadubini.

"Anakosa mguu upi?" Inspekta aliuliza.

"Wa tatu."

"Upande?"

Daktari akamgeuza buibui kidogo, akamrudisha, akatazama tena.

"Kushoto," alisema taratibu.

"Na Jumanne watu wazima sita mlisimama hapa, hakuna aliyeliona hilo?"

"Wakaguzi walikuja kutazama vipapasio. Miguu walihesabu saba, wakaridhika." Aliweka kibanio mezani. "Mimi nilikuwa nalia. Sikutazama kitu."

"Umewahi kukosea upande?"

"Mimi? Hata usingizini sikosei."

Inspekta alikaa akikitazama kile kiumbe. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Alipokuwa msichana, siku moja alipewa kitambaa akate mikono ya shati, na akakata yote miwili ya kushoto. Alilia, akaapa kwamba alifuata alama za chaki. Baba yake hakumchapa. Alimwambia, alama umezifuata sawasawa, mwanangu, ila ulikuwa unalitazama tumbo la kitambaa.

"Daktari," alisema, "nani hapa humlaza buibui chali?"

Saa saba kasoro, wanawake wawili waliingia kwa Mzee Hadubini bila kubisha hodi.

"Umeniletea na mchinjaji wako," Mzee alisema.

"Shikamoo," Daktari alimwambia, kwa namna ya kutupa jiwe. Mzee hakuitikia.

"Sitakuchelewesha, Mzee wangu," Inspekta alisema kwa unyenyekevu ambao pale kituoni ungewashtua wenzake. "Nataka nimalize ripoti yangu na mimi si msomi. Neno moja tu linanisumbua. Nionyeshe mguu wa tatu wa kulia ni upi."

"Yaani wamewatuma watu wasiojua kulia na kushoto!"

Alivuta droo kwa hasira, akatoa kichupa, akamtua buibui kwenye sahani. Kwa sindano yake ya kupasulia alimgeuza chali, kichwa kikielekea dirishani, haraka, kama mtu anayefungua kifungo cha shati lake mwenyewe. Ncha ya sindano ikahesabu moja, mbili, tatu, ikatua.

"Huu hapa. Uandike."

Daktari alisogea, akachungulia.

"Huo ni wa kushoto, Mzee."

"Wa kulia! Huoni uko mkono wa kulia?"

"Mkono wako wewe. Yeye amelala chali. Wa kwake wa kulia ni ule wa upande wa pili."

Sindano ilibaki hewani. Mzee alimtazama buibui, akaitazama sindano, akamtazama Inspekta. Uso ulimbadilika rangi kama karatasi iliyolowa.

"Miaka arobaini nachora vipapasio," alisema. "Vya pande zote mbili vinafanana. Kulia, kushoto, kwangu haina maana."

"Kwa aliyebadilisha buibui pia haikuwa na maana," Inspekta alisema.

"Kukosea upande ni kosa la jinai siku hizi?"

"Hapana. Na halithibitishi kitu, hilo nakubali. Ndiyo maana nalitaka kabati."

"Una hati?"

Inspekta alitoa karatasi yenye muhuri. "Nimetembea nayo tangu asubuhi. Imeandikwa jumba zima, pamoja na vyoo."

"Basi mtafute! Buibui mia tisa! Mtamaliza mwezi ujao, na huyo Fundi Chupa wenu, mlevi wa chai, atakuwa ameshazoea chakula cha jela."

"Sitafuti kwenye mia tisa." Inspekta alianza kusoma vibandiko vya droo, mkono nyuma. "Mtu mwingine angemtupa kwenye sinki. Wewe huwezi. Kitu umekiainisha maisha yako yote, hukitupi, unakipanga. Na utakipanga wapi? Pale unapoamini ndipo panapokistahili." Akasimama. "Miaka arobaini umesema wa mlimani na wa ukutani ni wamoja. Droo yao ni hii?"

Daktari akaivuta.

"Daftari lako linasema wamo wangapi humu?" Inspekta aliuliza.

Daftari lilikuwa wazi mezani. Daktari ndiye aliyesoma: "Sitini."

Walihesabu kwa sauti. Vichupa vilikuwa sitini na kimoja.

"Umesema kila buibui wako ana miguu minane," Inspekta alisema. "Nilipenda uliposema hivyo. Nimekuandika."

Wakaanza kuhesabu miguu. Daktari alikuwa akiinua kila kichupa mbele ya mwanga wa dirisha, midomo ikicheza: minane, minane, minane. Mzee alikuwa amekaa amewapa mgongo, akisafisha kioo cha hadubini ambacho kilikuwa safi. Saa saba na dakika ishirini, saba na thelathini. Kwenye kichupa cha arobaini na nne Daktari alinyamaza. Ndani mlikuwa na kilebo cha penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti, na mwandiko ulikuwa ule ule uliojaa kabatini kote. Penseli yake ilikuwa bado nyeusi. Za wengine zilikuwa zimefifia.

Miguu saba.

Walimweka kwenye sahani, mgongo juu. Pengo lilikuwa la tatu, upande wa kulia. Daktari akamlaza chali, kama Mzee, akatafuta kipapasio, akazungusha kirungu cha hadubini.

"Miiba miwili," alisema. "Mashine iliniambia ni mwingine, lakini mwili sikuujua kuusoma. Upo hapa. Mwiba wa pili umejificha nyuma ya wa kwanza." Aliisukuma hadubini kuelekea kwa Mzee, mpaka ikagonga kiwiko chake. "Haya. Si ulisema unataka kuona mwilini? Tazama."

Mzee hakugeuka.

"Nilishatazama," alisema.

Hakuna aliyemuuliza. Inspekta alikaa kimya, kama kawaida yake, na maneno yakaanza kutoka yenyewe.

"Jumatatu. Nilimwomba huyu binti anionyeshe kabla ya wakaguzi. Alinikatalia."

"Ungemvunja," Daktari alisema.

"Nimewashika elfu kumi, sijavunja hata mmoja! Nikaenda kumchukua mwenyewe. Nilitaka nione mwiba mmoja nicheke, nimrudishe. Nikaona miwili." Alishusha kitambaa cha kusafishia. "Hata zamani niliwahi kuuona, mara tatu, kwa wengine wa mlimani. Mara tatu nikaandika pembeni kwamba ni uchafu. Kitabu kizima kimesimama juu ya uchafu ule."

"Ukambandua mwingine ukutani," Inspekta alisema.

"Nyuma ya mlango huo."

"Ukamwacha Fundi Chupa alale mahabusu siku mbili. Aliyekuchemshia chai miaka ishirini na miwili."

Hapo Mzee alisema jambo fulani kuhusu ladha ya chai ile, ambalo halina haja ya kuandikwa.

"Na kabati la stoo ulilifunguaje?" Inspekta aliuliza.

Kwa sindano ile ile ya kupasulia. Aliichomeka kwenye kitasa, akaizungusha mara mbili, kikafunguka kama kimeombwa radhi. Wakati huo Fundi Chupa alikuwa upande wa pili wa stoo, macho makavu, akipima spiriti kwa bidii, na hata mtu mwenye macho manane asingeweza kumwona mwizi stadi kiasi kile.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili, Inspekta alipiga simu mahakamani akiwa bado amevaa kofia ya plastiki. Mkurugenzi aliletewa habari ofisini kwake. Aliisoma barua yake mara moja, akaichana vipande vinne, akasema, "Huyo Fundi asidhani nitamwomba msamaha," na kweli hakumwomba mpaka leo. Mzee Hadubini alipotolewa alisimama mlangoni, akamgeukia Daktari.

"Droo ile ile, ya tatu kutoka chini," alisema. "Kuna wengine watatu wa miiba miwili. Nimeandika uchafu. Futa." Kisha akampa mikono askari aliyekuja na pingu, na kwa mazoea alianza kutoa wa kulia.

Na Fundi Chupa akatoka mahabusu kifua mbele, akapita katikati ya watu kama anakagua gwaride.

Hapo ndipo nilipotua kalamu, nikaona nimemaliza. Nikampelekea Inspekta Gundi asome, kwa kuwa naye amestaafu siku hizi na anakaa mtaa wa pili. Akaja nayo nyumbani jana jioni, miwani puani. Alikaa kimya mezani kwangu muda mrefu sana, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amefurahi.

"Sindano?" alisema hatimaye.

"Sindano," nikasema.

"Kitasa kile kina meno matano ya chuma. Nilizijaribu sindano zake zote mwenyewe, zikapinda kama tambi." Akafungua lile begi lake lililochubuka, akatoa karatasi iliyogeuka njano, akamsomea mke wangu, si mimi. "Maelezo ya mtuhumiwa, ukurasa wa pili. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kitasa. Mtunza stoo alikuwa amelala juu ya daftari, mdomo wazi. Nilimpita mara nne, hakuamka."

Mke wangu aliitua birika. Miaka yote hii anajua mumewe, Fundi Chupa wake, alifungwa bila kosa hata la ukucha.

"Ukurasa huu sikumpa Mkurugenzi," Inspekta aliniambia. "Nilikuonea huruma, miezi tisa ulikuwa umebakiza. Nikakuambia unyamaze. Wewe badala ya kunyamaza unaandika kitabu! Na hili la kutodondosha chozi? Leso yangu iko wapi?"

Leso ninayo. Iko kabatini, chini ya mashati.

"Dada," Inspekta alimwambia mke wangu, "wembe uko wapi?"

"Wembe utavunjika," mke wangu alisema, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. "Mkasi kwanza. Kichaka hicho."

Nikaketi kwenye kigoda, taulo shingoni. Ahadi nilijiwekea mwenyewe, na kwa mwandiko wangu.

"Anzia kulia," Inspekta alisema.

Mke wangu alisimama mbele yangu, uso kwa uso, akauinua mkasi, akaanzia mkono wake wa kulia. Nusu ya kushoto ikadondoka mapajani, nyeupe, bado imepinda ncha. Nilitaka kusema kitu. Nikaitazama ile karatasi ya njano mezani, nikaona kwa siku ile sina haki ya kumsahihisha mtu.